Upepo Haukuuchukua Mpira Wako

Kuna maneno mawili yanayosemwa sana katika viwanja vya gofu vya mwambao huu, hata yamekuwa kama salamu: "Upepo umeuchukua." Mtu anapiga mpira, mpira unaondoka vizuri, unafika nusu ya safari unajipinda kuelekea kichakani, naye anawageukia wenzake kwa uso wa mtu aliyeporwa mchana kweupe. Wenzake wanatikisa vichwa. Pole, mzee, upepo umeuchukua. Hakuna anayeuliza umeuchukuaje, wala kwa nini yule aliyepiga dakika moja kabla yake, katika upepo huohuo, mpira wake umelala katikati ya uwanja ukimsubiri.

Jioni, vinywaji vikishafika mezani, maneno hayo mawili huzaa falsafa nzima. Gofu ya pwani ni bahati nasibu. Alama za Malindi na Vipingo si za kuhesabiwa, kwa kuwa leo unapata 80 na kesho 95 na wewe ni yuleyule. Mchezaji hupimwa Nairobi, kwenye hewa iliyotulia, kule Muthaiga na Karen. Huku chini watu huja kupunga hewa, na ukipunga hewa usilalamike hewa ikikupunga. Falsafa hiyo ina dawa zake mbili, ambazo kila mgeni hupewa bure: anza alfajiri kabla upepo haujaamka, na ukishaamka, piga kwa nguvu uupasue.

Mimi ni mchezaji wa kawaida. Handikapu yangu haijawahi kushuka chini ya 11, na mipira niliyoitupa vichakani kati ya Malindi na Mtwapa ingetosha kufungua duka. Kwa hiyo sisemi kama bingwa. Nasema kama mtu aliyewahi kuiamini falsafa hiyo kwa miaka, akaishi kwa visingizio vyake, na leo anaiona kuwa ya uongo kuanzia juu hadi chini, pamoja na dawa zake zote mbili.

Tuanze na hiyo bahati. Kitu cha bahati hakina ratiba. Upepo wetu una ratiba kuliko matatu za Malindi kwenda Mombasa. Kaskazi huingia Disemba ikavuma hadi Machi. Aprili, mvua za masika zikikaribia, upepo hugeuka, na kusi ikishika usukani huwa haina mzaha. Juni, Julai na Agosti ndizo siku zake za kiburi. Katikati ya hizo mbili kuna majuma ya tanga mbili, wakati ambapo upepo haujaamua, na hapo tu ndipo mtu anaweza kudai kwamba hajui utatoka wapi. Ndani ya siku moja pia kuna saa zake. Alfajiri huja umande kutoka bara, mwepesi, wa kupapasa tu. Jua likipanda nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi hupaa, na ile ya baharini huja kujaza pengo. Kufikia saa nne au saa tano mivinje imeanza kuimba, na kati ya saa nane na saa kumi upepo umefika kileleni. Jua likizama, unapungua. Hali hiyo ilikuwapo jana, na kesho pia itakuwapo. Mtu anayecheza hapa miaka kumi na bado anashangazwa na upepo wa saa nane angefaa kushangazwa na adhana ya adhuhuri.

Kuna watu ambao riziki yao inategemea kwamba upepo huu si bahati. Nenda kaskazini ya Malindi hadi Che Shale. Wageni hutoka Ulaya, wakalipa nauli ya ndege na malazi, ili wafungwe kwenye tiara na kuburutwa juu ya maji na upepo huuhuu tunaoulaani. Hoteli haiwezi kuuza chumba kwa ahadi ya bahati nasibu, inauza msimu. Endelea kidogo hadi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, ambako jua na upepo hukausha maji ya bahari mwaka hadi mwaka kwa kiasi cha kujenga viwanda juu yake. Mpanda tiara anaujua upepo. Mchota chumvi anaujua. Mvuvi wa Mayungu anaujua kabla hajafungua macho, kwa sauti ya makuti ya paa lake. Asiyeujua ni mtu mmoja tu, na amevaa glovu mkono wa kushoto.

Tena tuko Malindi, mji ambao jina lake liliingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya elimu ya upepo. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, akapewa rubani aliyeijua bahari, na tarehe 24 akang'oa nanga na kusi changa mgongoni mwake. Tarehe 20 Mei alikuwa kwenye pwani ya Calicut: siku 26. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla upepo wa kumrudisha haujaingia, na safari hiyohiyo ikamla takriban miezi mitatu. Mabaharia wake wakafa kwa wingi, ufizi umeoza kwa kiseyeye, na waliosalia wakaiona tena Malindi Januari 1499. Bahari ilikuwa ileile na nahodha yuleyule. Kilichobadilika ni kuujali au kutoujali mwezi. Sina shaka kwamba baadhi yao walisema upepo uliwachukua.

Sasa tuingie ndani ya pigo lenyewe, maana hapa ndipo falsafa ya baani inapovuja zaidi.

Mpira wa gofu hauruki kama jiwe. Fimbo inapougonga, mpira huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo, ukisaidiwa na vile vijishimo vya ngozi yake, huupa hewa ya kuubeba. Ndiyo sababu mpira laini usio na vijishimo husafiri kama nusu tu ya safari ya mwenzake. Upepo wa usoni ukija, mpira unakutana na hewa yenye kasi zaidi, na kila kitu ulichoupa kinakuzwa: ukiupa mzunguko mwingi wa nyuma, unapaa kama tiara, unasimama angani, kisha unaanguka kama embe lililooza kikonyo. Ukiupa mzunguko wa pembeni kidogo, ambao siku ya utulivu ungekugharimu mita tano na usiutie akilini, upepo unauvuta hadi mita ishirini. Sisemi kwamba upepo wa ubavuni hausukumi mpira ulionyooka. Unausukuma, lakini kwa kiasi kinachokadirika, kama mkondo unavyosukuma mtumbwi. Ule mkunjo wa ghafla unaomfanya mtu ashike kiuno uliondoka naye kwenye uso wa fimbo. Upepo umesoma tu kilichoandikwa, kwa sauti kubwa.

Ndiyo maana dawa ya nguvu ni sumu. Kadiri unavyoipiga fimbo ileile kwa nguvu zaidi, ndivyo unavyouongezea mpira mzunguko wa nyuma, na mzunguko huo ndio upepo wa usoni unaoupenda. Anayetaka kuupasua upepo kwa nguvu anaujengea ngazi. Njia iliyo sawa inaonekana ya kinyonge: badala ya fimbo namba 7 chukua namba 5, ishike chini kidogo ya mpini, mpira uurudishe nyuma kidogo katika kisimamo chako, pinda robo tatu tu, na umalize mikono ikiwa bado chini ya mabega. Mpira unaondoka chini, bila mbwembwe, ukipita pale ambapo upepo umekwaruzwa na miti na majani ukapungua kasi. Juu kwenye vilele vya minazi upepo una kasi nyingine kabisa, na mpira wa juu wa mchezaji mzuri hupanda kufika huko na kupita. Basi usitazame bendera ya shimo iliyojificha nyuma ya mbuyu ikining'inia kama nguo kwenye kamba. Tazama makuti.

Hesabu nayo ina mitego yake. Walimu wa gofu hukadiria kwamba kwa pigo la mita 140, upepo wa usoni wa kilomita 16 kwa saa hula mita 14 hivi. Upepo huohuo ukiwa mgongoni hukurudishia nusu yake tu, mita 7. Kwa hiyo yule anayejifariji kwamba alichopoteza kwenda atakipata kurudi amedanganywa na hesabu za dukani. Mgeni wa Nairobi ana deni jingine kabla hata jani halijatikisika. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kule ni nyembamba kuliko ya hapa kwa asilimia 15 hivi. Fimbo inayompa mita 140 pale Karen itampa 130 na ushei Vipingo hata upepo ukiwa umelala fofofo. Anakuja, anapiga fimbo aliyoizoea, mpira unatua mchangani mbele ya grini, naye analaumu kaskazi.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana kuna uongo mdogo unaoniudhi kuliko huo mkubwa. Utasikia wakisema mpira hauendi pwani kwa sababu "hewa ni nzito, ina unyevu." Unyevu hauifanyi hewa kuwa nzito. Molekuli ya mvuke wa maji ni nyepesi kuliko ya naitrojeni na ya oksijeni ambazo inazisukuma pembeni, kwa hiyo hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu, na joto huizidishia wepesi. Uzito wa hewa ya pwani ni wa kuwa chini, usawa wa bahari, basi. Unyevu unaokudhuru ni ule ulio kwenye viganja vyako, unaofanya fimbo iteleze ukaikaba kama unayemkamata mwizi, na ule wa umande kwenye majani, ambao huingia kati ya fimbo na mpira asubuhi. Taulo kavu na maji ya kunywa vitakupunguzia mipigo mingi kuliko kuilaani hewa.

Turudi kwa wanaosema alama za huku ni za kubahatisha. Uwanja wa Baobab pale Vipingo Ridge, ulioinuliwa kwenye kilima kinachotazama bahari katika nchi ya mashamba ya katani, ulichorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, mtu aliyeshinda Kenya Open mwaka 1989 na aliyekulia katika kisiwa ambako siku isiyo na upepo ni habari ya gazeti. Disemba 2019 wanawake wa ziara ya Ulaya walikuja hapo kushindania Magical Kenya Ladies Open. Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda, siku ya mwisho akicheza kwa mipigo 64. Korona ikapita katikati; mashindano yaliporudi Februari 2022, kaskazi ikiwa kazini, akashinda nani? Henseleit yuleyule. Bahati nasibu gani hiyo inayomtoa mtu mmoja mara mbili mfululizo kati ya uwanja mzima wa wachezaji wa kulipwa? Mwaka 2024 aliondoka Paris na medali ya fedha ya Olimpiki, kwa hiyo kaskazi haikuwa imekosea ilipomchagua.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Februari 2023. Aditi Ashok wa India alishinda pale Vipingo kwa tofauti ya mipigo tisa. Tisa. Katika mchezo ambao kombe huamuliwa na mpigo mmoja, hilo si pengo, ni bonde. Na Aditi ni nani? Ni yule aliyeshika nafasi ya nne katika Olimpiki ya Tokyo akiwa miongoni mwa wapigaji wafupi kuliko wote waliokuwapo. Hana nguvu ya kuupasua upepo wala hajaribu. Anajua mpira wake utatua wapi, na mkono wake karibu na shimo ni wa sonara. Weka mezani dawa ya nguvu, weka na hoja ya bahati, halafu mbele yake uweke mipigo tisa ya mwanamke anayepitwa kwa umbali na karibu kila aliyecheza naye. Sijasikia jibu bado, na nimeuliza katika baa kadhaa.

Nje ya Afrika hadithi haibadiliki. Mwaka 2002 pale Muirfield, Scotland, Tiger Woods akiwa katika kilele cha nguvu zake alitoka uwanjani na mipigo 81 siku ya upepo na mvua. Mwaka 2009 pale Turnberry, kwenye ukingo wa bahari, Tom Watson mwenye miaka 59 alibakiza mpigo mmoja tu kuchukua kombe la sita la The Open, akashindwa katika mchezo wa nyongeza. Babu huyo hakuwa akiwapita vijana kwa misuli. Mchezo wenyewe ulizaliwa kule, kwenye mchanga wa pwani usio na kazi nyingine, mahali pa upepo. Hivyo anayesema gofu ya kweli ni ya hewa tulivu anamfukuza mama nyumbani kwake.

Nikubali lakini lililo la kweli katika malalamiko. Kuna mikupuo. Upepo wa kusi haumiminiki kama maji ya bomba. Hupumua, husita, kisha ukakupiga kofi wakati fimbo iko juu. Hilo hakuna anayelitabiri kwa sekunde. Ila hakuna anayekulazimisha upige wakati huo pia. Ondoka kwenye mpira, subiri, rudi. Kuna pia suala la zamu: katika mashindano ya siku moja, aliyeanza saa moja na aliyeanza saa saba hawakucheza uwanja mmoja. Hiyo ni dhuluma halisi, lakini aliyeitenda ni mpangaji wa ratiba, na dawa yake inajulikana: cheza siku mbili, ubadilishe zamu. Na anayehofia kwamba siku ya upepo mkali itaiharibu handikapu yake ajue kuwa mfumo wa dunia unaotumika tangu 2020 hutazama alama za wachezaji wote wa siku ile. Zikipanda mno, siku hiyo hupewa marekebisho yake. Wenye mchezo walishaufikiria upepo.

Waliufikiria hata katika sheria, na hapa nawaomba wanasheria wa baani wasogee karibu. Upepo ukiuhamisha mpira wako uliotulia, unaucheza pale ulipohamia. Unarudishiwa mahali pako katika hali mbili tu: mpira ulikuwa kwenye grini, ukauinua na kuurudisha, ndipo ukasogezwa; au, tangu 2023, mpira uliouangusha, kuuweka au kuurudisha umesukumwa hadi eneo jingine la uwanja au nje ya mipaka. Kwingine kote upepo ni sehemu ya uwanja, kama mchanga na mbuyu. Kisha sheria hizohizo zinakukataza kupima kasi ya upepo uwanjani kwa kifaa, zinakukataza hata kuinua leso au kumwaga poda uone inakoelekea. Majani makavu unaruhusiwa kuyarusha. Maana yake ni kwamba mchezo unakutaka uujue upepo kwa ngozi, kwa sikio na kwa jicho, kama mtu wa chomboni. Ni mtihani ulioandikwa kwa ajili yetu, na sisi ndio tunaoukimbia.

Lugha yetu ina hazina kwa jambo hili ambayo hatujaifungua. Upande upepo unakotoka tunauita joshini, unakokwenda, demani. Nahodha akitaka kufika bandari iliyo joshini haielekezi omo moja kwa moja huko, maana tanga litapiga makofi na chombo kitasimama. Hupiga bisho: hulenga pembeni, akageuza, akalenga pembeni ya pili, na bandari ikamjia. Mchezaji wetu, mjukuu wa manahodha hao, analenga bendera tu. Upepo ukitoka kushoto, mpira wa kutua kwenye grini lazima uanzie joshini mwa grini, juu ya mchanga, juu ya kichaka ikibidi, mahali pa kutisha macho. Kinachohitajika hapo ni imani, na hicho ndicho kinachokosekana. Mtu anaelekeza miguu joshini, kisha mikono yake ikaogopa na kuuvuta mpira kwenye bendera, na upepo ukaumalizia demani. Upepo umeuchukua!

Imebaki dawa ya alfajiri, na hii naichukia kwa sababu inafanana na busara. Ndiyo, saa kumi na mbili na nusu hewa ni baridi na mivinje imelala. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, au katika joto la Februari, ni saa njema. Lakini anayecheza saa hiyo tu, mwaka mzima, hajawahi kucheza gofu ya Pwani; anacheza gofu ya Nairobi kwenye joto. Siku ya mashindano anapangiwa saa sita na nusu, na anaingia uwanjani kama mtu aliyejifunza kuogelea kwenye beseni. Tazama kinyume chake. Wanaocheza vizuri kuliko wote katika upepo, kwa macho yangu mwenyewe, ni wabeba mikoba. Wao hupata nafasi ya kupiga wakati wanachama wameshakimbilia kivulini, alasiri, kwa fimbo tatu za kuazima na mipira iliyookotwa. Hawana fimbo ya kila umbali, kwa hiyo wamejifunza kuipiga moja kwa namna tano. Hakuna aliyewaambia kwamba saa tisa hakuchezeki. Nimewahi kucheza na mmoja wao Julai, kusi ikiwa imekasirika, nikiwa na mkoba uliojaa na yeye ana fimbo tatu. Alinishinda mashimo manane kati ya tisa, na katika lile la tisa tulitoka sare kwa sababu mpira wangu uligonga mti ukarudi uwanjani. Hiyo, nakiri, ilikuwa bahati.

Basi kwa wale wa meza ile ya pembeni, mnaojijua: Jumamosi ya kwanza ya Julai nitakuwa kwenye shimo la kwanza, saa nane kamili mchana. Njooni na mikoba yenu, draiva mziache garini. Atakayesema upepo umeuchukua atalipa chai ya wote, wabeba mikoba wakiwemo.